Meli Iliyoondoka Kilindini

Sisi tunaokaa upande wa kusini wa Minneapolis tumezoea kupita Savage tukienda kazini. Pale, mbali kabisa na bahari, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kampuni ya Cargill iliunda meli 18 za kubebea petroli ya jeshi la majini la Marekani. Ziliteremka kwa mto mpaka baharini. Wenyeji wanajivunia historia hiyo, na wana haki. Lakini mtoto mmoja wa jumuiya yetu alipouliza kama na sisi tulikuwa na meli katika vita hivyo, wakubwa tulitazamana tu.

Tulikuwa nayo, ingawa haikuwa mali yetu. Iliundwa Scotland, ikaanza kazi mwaka 1922 ikibeba abiria wa Chile kwa jina la Aconcagua. Mwaka 1935 iliuzwa kwa kampuni ya Misri, ikaitwa Khedive Ismail. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliichukua iwe meli ya kubeba askari.

Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika msafara wa meli tano za askari. Kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma. (Wangapi kati yetu tumekula nyama Burma Market pale Nairobi bila kujiuliza Burma ni wapi?) Ndani ya meli mlikuwa na watu 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki: vijana wetu, na maafisa Waingereza juu yao. Mlikuwa pia na wanamaji, na wanawake zaidi ya 80, wakiwemo wauguzi 53 na matroni wao.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliifyatulia makombora. Mawili yalipiga. Hazikupita dakika tatu, meli ikawa imezama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakuwa na njia ya kutokea. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Na hapo ndipo pagumu kusimulia. Nyambizi ilijificha chini ya maji, pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na meli nyingine za kulinda, zimejaa watu. Zikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakisubiri kuokolewa waliuawa na mabomu hayo. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo. Sisi tulio wauguzi, na katika jumuiya hii tu wengi, tumefunzwa kuamua nani ahudumiwe kwanza wagonjwa wanapozidi mikono. Hata hivyo hatuthubutu kusema tungeamua nini pale juu ya sitaha.

Waliofika Burma walirudi na macho mengine. Waruhiu Itote alipigana huko akiwa Keya, akaona Mzungu naye huogopa na hufa, na baadaye akaingia msituni akaitwa Jenerali China. Kila Jamhuri tunamtaja yeye na wenzake, na inafaa. Vijana wa Kikosi cha 301 hawakupata nafasi ya kurudi na maswali yao. Walikufa kwa ajili ya ufalme ambao haukuwapa hata kura, na mitaani kwetu, tulikosoma na kucheza, hakuna aliyetuambia habari zao. Tuliijua Titanic kwanza. Hilo linatuuma, maana tuliisoma Titanic kwa Kiingereza darasani ilhali majina ya hawa yalikuwa mwendo wa matatu tu kutoka mjini.

Yako kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, katika ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Wengi walioandikwa pale ni wa meli hii. Familia zinazosafiri nyumbani Desemba hii, mkienda Karen kuwaonyesha watoto twiga, shukeni pale kwanza. Waacheni wasome majina wenyewe, kwa sauti. Huenda wakakuta la ukoo wao.