Plaine Savo: Ushirika Ulioshika Bunduki

Hapa Bule, eneo la Djugu, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo kambi ya Plaine Savo. Waliokimbia vita walijenga vibanda vya miti vilivyoezekwa maturubai, vimebanana hadi kikohozi cha jirani kinasikika. Kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilikuwa karibu, nao wakakitegemea.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliua hapa watu wasiopungua 60, watoto wakiwemo, kwa mapanga na bunduki.

Inauma kukumbuka kwamba CODECO ilianza miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima wa Ituri. Iliahidi kilimo na maendeleo. Panga lilikuwa la kufyekea shamba. Miongoni mwa waliouawa pia walikuwamo wakulima, wakisubiri kurudi mashambani kwao.