Cheche ya Bukoba na Masikio ya Jirani

Wasikilizaji wangu wa Kishanda, nanyi mlioko Bukoba mjini na Muleba, leo nataka kuwasimulia habari za cheche.

Tarehe 22 Juni 1915, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyovuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu yalishuka ufukoni karibu na Bukoba. Kesho yake mji ukatekwa. Hawakuja kukaa, walichokitaka hasa ni mlingoti wa simu isiyo na waya ya Wadachi. Walipokwisha kuuangusha kwa baruti, walirudi melini wakaenda zao.

Simu nyingi za namna hiyo zilitumia cheche: umeme uliruka katika nafasi iliyo kati ya vipande viwili vya chuma, na kila uliporuka mawimbi yalitoka. Heinrich Hertz, mtaalamu wa Kidachi, ndiye aliyelithibitisha jambo hilo kwa majaribio ya 1887 na 1888. Lakini cheche haina adabu ya kukaa katika njia moja. Hutapakaa, kama mpiga kelele sokoni, hata muuzaji na mnunuzi wasisikilizane. Vituo vilipokuwa vichache ilivumilika; vilipozidi ikawa ghasia tupu. Ndipo mwaka 1927 mataifa yaliyokutana Washington yalipokubaliana kuziondoa mashine za cheche kidogo kidogo.

Kumbe adui alikuwamo majumbani pia! Mota ya cherehani, kengele ya umeme, injini ya motokaa: vyote hurusha cheche, na kila kimoja ni kituo kidogo kisicho na ruhusa. Mwaka 1934 wataalamu walikutana Paris katika baraza liitwalo CISPR, wapatane jinsi ya kuipima kelele hiyo. Maana bila kipimo kimoja, mwenye kiwanda na msikilizaji hawawezi kuamuliwa. Mwaka 1938 Marekani iliruhusu vyombo vya nguvu ndogo bila leseni, mradi visiwaharibie wengine mawasiliano. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1949.

Mtu aweza kudhani haya ni mambo ya wenye anasa. Na akumbuke Oktoba 1978, askari wa Idi Amin walipoiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alilihutubia taifa kwa redio. Kwa mtu wa Kishanda, adui yu karibu, naye msemaji yuko Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 1,000. Wimbi huufika mwisho wa safari hiyo limedhoofika, na radi za ziwa letu nazo hazilihurumii. Hapo cheche ya nyumba moja yatosha kulifunika neno ambalo watu wanalingojea wajue wakimbie au wakae.

Siku hizi wasumbufu ni chaja za simu, balbu za LED na mashine za kugeuza umeme wa jua. Cheche haionekani, lakini ndani yake umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde. Chombo kizuri kina kichujio. Katika cha bei rahisi mara nyingi kichujio kimeachwa. Redio ya FM haisumbuki sana; masafa ya kati na mafupi ndiyo yaumiayo.

Ukitaka kumjua mwenye kosa, chukua redio ya betri, uifungulie masafa ya kati pasipo na kituo, kisha uzime vyombo vyako kimoja kimoja. Kelele ikikoma, umempata. Vikizimwa vyote nayo ingali ikivuma, piga hodi kwa jirani, umwombe kwa upole azime chake kwa dakika moja.