Moyo kukimbia usiku: hizi programu za simu zilianzia wapi? (Sehemu ya 3)

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu programu za simu za kutuliza hofu ya ghafla. Ile ya moyo kudunda, pumzi kukata, mikono kufa ganzi, unajiona unakufa, halafu baada ya dakika kadhaa imepita. Huku Ufipa wengine husema ni kurogwa.

Historia yake inaanzia mbali na simu. Claire Weekes wa Australia, miaka ya 1920, aliambiwa ana TB, akalazwa miezi kadhaa, kumbe hana. Akatoka na moyo unaokwenda mbio. Aliyemsaidia ni rafiki aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza: akamweleza kwamba hata wao vitani mioyo ilidunda hivyohivyo, ni hofu tu, na yeye anajitisha mwenyewe. Baadaye akasomea udaktari, na mwaka 1962 akatoa kitabu. Halafu akarekodi sauti yake kwenye santuri, mgonjwa asikilize akiwa nyumbani. Mafundisho yake: ikabili, ikubali, elea nayo, ipe muda. Programu nyingi za leo ni hayohayo, zimepakwa rangi tu.

Kompyuta zikafuata. Mwaka 2006 Uingereza ilikubali programu ya FearFighter itumike kutibu hofu ya namna hii.

Ila mimi linalonigusa ni la jirani zetu Uganda, kambi ya Rhino. Wanawake wakimbizi 694 wa Sudan Kusini waliingia kwenye utafiti wa Shirika la Afya Duniani, matokeo yakatoka 2020. Waliopewa mafunzo walikaa kikundi mara tano, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, na kitabu cha picha mkononi. Hakuna simu janja, hakuna bando. Msongo wao ulipungua.

Sasa nisikilize vizuri: kama umejifungua karibuni na pumzi inakata, usianze na simu. Njoo kwanza tupime presha, damu na mapigo. Inaweza kuwa moyo kweli, au damu imeganda kwenye mapafu.

Mama mmoja mwenye kichanga tulimpima, akaonekana mzima. Programu aliyopata ilikuwa ya Kiingereza, akaifuta. Nikamrekodia dakika nne WhatsApp kwa Kiswahili, mama mkwe wake akairudia kwa Kifipa. Anasikiliza ile ya mama mkwe. Yangu eti inamkumbusha sindano.