Mzigo wa Kadiri: Elimu ya Juu katika Njia ya Tabora

Wasomaji wetu, mtu akitaja Tabora siku hizi twakumbuka maembe, asali na stesheni ya reli. Babu zetu walikumbuka mizigo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka wa 1912, kila kitu kilichotoka pwani kilipanda bara juu ya bega la mtu: nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki, na baadaye vitabu vya sala na dawa za wamisionari. Kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe ulikuwa mwendo wa miezi miwili au mitatu. Kutoka hapo njia iligawanyika, moja ikienda Ujiji, na nyingine ikishuka kusini-magharibi hata Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Wapagazi wa njia hiyo walikuwa hasa Wanyamwezi. Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwezi wa Novemba 1857, aliandika habari moja ambayo sisi waalimu twapenda kuifikiri. Alisema kwamba mtoto wa Kinyamwezi, akiwa na miaka sita au saba tu, hutwikwa pembe ndogo ya ndovu begani, naye huibeba. Na kijana asiyepata kusafiri huchekwa na wenzake. Tutazame vema neno hili. Pembe ile ni ndogo, walakini ni pembe ya kweli. Si kijiti cha kuchezea. Tena mtoto hatembei peke yake. Wakubwa wa msafara wako mbele yake na nyuma yake, nao humwona akikosea namna ya kuinua mzigo au kuutua. Kwa mafunzo ya namna hiyo walipatikana makirangozi walioyajua maji ya pori la Mgunda Mkali na desturi za hongo katika Ugogo, wala hawakuandika hata neno moja.

Hatusemi kwamba kazi ile ilikuwa njema yote. Wengi walikufa njiani kwa ndui na njaa, na katika njia iyo hiyo watumwa walitembezwa wamefungwa shingo. Twasema juu ya namna ya kufundisha tu. Maana elimu ya juu nayo, ile ipatikanayo baada ya shule za kawaida, ilipita katika njia hii ya misafara, tena kwa miguu. Na mtu aliyeileta alikuwa Mwafrika, aliyekuwa mtumwa zamani.

Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto mdogo Watuareg walimwiba, wakamvusha jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka wa 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria wakamlea. Mkubwa wa mapadre hao alikuwa Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka wa 1882. Shirika lake lilikwisha kutuma msafara wa kwanza nchi zetu mwaka wa 1878. Msafara huo ulitoka Bagamoyo mwezi wa Juni, ukafika Tabora mwezi wa Septemba, na padre mmoja alikufa kabla hawajafika. Hapo wakagawanyika, hawa Uganda, na hawa Tanganyika.

Lavigerie aliona upesi kwamba Wazungu peke yao hawataweza. Lakini tena aliogopa jambo moja, na hapa ndipo fikira zake zinapotufaa. Aliogopa kwamba kijana wa Kiafrika akisomeshwa katika desturi za Ulaya, akazoea chakula cha Ulaya na nguo za Ulaya, akirudi kwao atakuwa mgeni. Hawezi kuishi kama ndugu zake, wala ndugu zake hawatamwona kuwa wao. Kwa hiyo aliamuru kwamba katika mambo ya maisha ya kila siku vijana wake walelewe Kiafrika. Kisha akachagua elimu ya kuwapa. Hakuchagua useremala wala uashi. Alichagua uganga, akisema kwamba katika Afrika mganga huheshimiwa na kila mtu, na kila mlango hufunguliwa mbele yake, wa jumbe na wa maskini.

Basi mwaka wa 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, katikati ya Ulaya na Afrika, ambako wenyeji ni Wakristo na lugha yao ina asili moja na Kiarabu. Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa huko, akakaa hata mwaka wa 1888. Nyumbani walifundishwa dini na kazi ya ukatekista. Masomo ya uganga waliyapata katika Chuo Kikuu cha Malta na katika hospitali. Katika darasa mwanafunzi aweza kuketi saa nzima na macho yake kuyafumbua, naye hayumo. Lakini mbele ya kitanda cha mgonjwa, na mkubwa wake akimwuliza, ‘Huyu ana nini?’, hawezi kujificha. Akikosea, aonekana papo hapo, tena yuko mtu wa kumsahihisha kabla kosa halijaua. Twaona kwamba hii ndiyo pembe ndogo ya mtoto wa Kinyamwezi: kazi ya kweli, ya kadiri ya nguvu zake, na mkubwa yu karibu.

Mwaka wa 1888 Atiman alitoka Malta, akaja Unguja, akapanda bara kwa msafara. Siku zile zilikuwa mbaya. Pwani vita vya Abushiri na Wadachi vilikuwa vimewaka. Huko Unyanyembe mtemi Isike hakuwapenda wamisionari, hata mwaka wa 1889 Mapadre wakaacha kituo chao cha Kipalapala karibu na Tabora, walipokuwa wakilea watoto waliokombolewa. Mwaka uo huo Atiman akawa Karema. Karema palikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka wa 1879, wakaliacha mikononi mwa Mapadre mwaka wa 1885. Akaoa mke wa kabila la Wabende, Agnes, binti wa jumbe. Hakurudi Niger wala Malta. Akakaa Karema akitibu na kufundisha dini hata alipokufa mwaka wa 1956, yaani miaka 67. Mwana wake Joseph akawa padre.

Fikirini, miaka 67! Alipofika, nchi ya ziwa ilikuwa katika hofu ya wakamata watumwa. Alipokufa, chama cha TANU kilikwisha kuundwa. Kati ya mambo hayo mawili zilipita serikali ya Wadachi, vita kubwa mbili, malale ya kando ya ziwa, ndui, na serikali ya Waingereza. Mganga aliyesoma nchi ya mbali kwa lugha za kigeni aliweza kukaa miaka hiyo yote katika kijiji cha Ufipa na Ubende, akaoa huko, akazeeka huko. Twaamini kwamba haikuwa tabia njema ya mtu mmoja tu, ijapokuwa tabia hiyo alikuwa nayo. Namna aliyofundishwa haikumtoa katika watu.

Walakini lazima tuseme na upande wa pili, kwani watu husifu habari ya Atiman kana kwamba haina kasoro. Nyumba ya Malta ilifungwa mwaka wa 1896, baada ya miaka kumi na mitano tu. Wanafunzi wake waliokuja nchi hizi walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole, wakatawanywa mmoja huku na mmoja kule. Wala Karema hapakuanzishwa chuo cha uganga cha kuwaendeleza wengine, ingawa alikuwapo mtu aliyeyapata masomo yale barabara, tena kwa zaidi ya nusu karne. Msafara mzima ulikuwa na kirangozi mmoja, na nyuma yake hakuna aliyebebeshwa pembe. Hayo si makosa ya Atiman. Kazi yake ilikuwa wagonjwa. Ila ni hasara kubwa, nasi waalimu twaisikia sana, maana kujua kazi na kuifundisha ni mambo mawili, na la pili halikuwekewa mpango.

Huko Tabora mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kipalapala ilifunguliwa tena, sasa kuwa seminari kubwa ya kuwafundisha mapadre. Serikali ya Waingereza ikajenga shule ya Tabora katika miaka ya 1920, nia yake kwanza ikiwa wana wa watemi na majumbe watakaotawala chini yake. Katika shule hiyo alisoma Julius Nyerere tangu 1937 hata 1942. Akaenda Makerere mwaka wa 1943, akarudi Tabora mwaka wa 1946, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe hata mwaka wa 1949, alipokwenda Edinburgh. Yeye basi aliijua Tabora akiwa mwanafunzi na akiwa mwalimu. Wasomi wa miaka ile walikuwa wachache mno, na shule ziliwapa heshima ya peke yake. Na heshima hiyo yaweza kumwinua mtu hata miguu isiguse chini.

Alipokuwa Rais aliandika, mwezi wa Machi 1967, maneno yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba elimu tuliyorithi yawatenga wanafunzi na jamaa zao, yawafanya waheshimu vitabu na kudharau ujuzi wa wazee wasiosoma. Ni hofu ile ile ya Lavigerie, ijapokuwa watu hawa wawili hawakufanana katika mambo mengi. Dawa yake ilikuwa kazi: kila shule iwe na shamba au karakana. Na mwezi wa Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, chama kikaamua kwamba vijana wasiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Wafanye kazi kwanza, kisha wachaguliwe, na sifa za kazini zitazamwe pamoja na mitihani. Katika miaka ya 1980 amri hiyo ililegezwa, ikaachwa.

Wengine husema amri ile ilishindwa kwa sababu vijana ni wavivu. Sisi hatukubali. Kwa maoni yetu, mzigo ulikuwapo, lakini mkubwa wa njiani hakuwapo. Kijana aliyetaka kusoma uinjinia aliwekwa ofisini kupanga mafaili. Aliyetaka kuwa mwalimu alihesabu magunia ya ghala. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza jioni, ‘Leo umeona nini, nacho chahusu nini masomo yako?’ Na katika shule nyingi shamba likageuka kuwa mahali pa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Mtoto akifundishwa hivyo, atajifunza jambo moja tu, kuchukia jembe. Kazi isiyo na mwalimu ni kazi tu. Hospitali ya Malta haikumfundisha Atiman kwa kuwa na wagonjwa; wagonjwa wako kila mahali. Ilimfundisha kwa kuwa mtu aliyejua alisimama kando ya kitanda pamoja naye.

Sasa Tabora ina chuo kikuu kishiriki, kilichoanza mwaka wa 2010, chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jimbo kuu la Tabora. Moja ya kazi zake ni kufundisha waalimu. Vyuo vya namna hii viko vingi nchini, na wanafunzi ni wengi kuliko walivyowahi kuwa. Wingi huo ni baraka, nao una taabu yake. Mhadhiri akiwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, ni rahisi asome maandishi yake, nao wanakili, na siku ya mtihani wamrudishie yale yale. Wahadhiri wengine huwagawa watu wachache wachache, huwapa swali la kweli kutoka darasa la kweli, na kuwaacha wabishane kabla wao wenyewe hawajanena. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusoma maandishi. Twawaheshimu kwa hiyo.

Lakini mafunzo yenyewe hayaishii ukumbini. Kila mwanafunzi wa ualimu hutumwa shuleni kwa majuma kadhaa kufanya mazoezi ya kufundisha, na wengi hufika vijijini, katika shule za watoto wenu. Mhadhiri huja kumtazama mara chache, kwani njia ni ndefu na wanafunzi ni wengi. Kwa hiyo mkubwa wa njiani ni mwalimu mwenyeji wa shule ile. Tumeona mahali pengi kijana akikabidhiwa vipindi vyote siku ya kwanza, na mwenyeji akaenda shambani kwake, akishukuru kupata likizo. Hapo mtoto ametwikwa pembe kubwa, na msafara umemwacha.

Twashauri basi mambo machache, nanyi mlio katika kamati za shule mwaweza kuyasimamia. Juma la kwanza apewe kipindi kimoja kwa siku, cha darasa moja, hata awajue watoto kwa majina. Mwalimu mwenyeji aketi nyuma ya darasa na daftari, asimkatize mbele ya watoto. Apewe nyumba katikati ya watu, wala si chumba cha mbali peke yake, na wazazi wamkaribishe ugali, apate kusikia wazee wakieleza mvua na mbegu na habari za nchi. Na kipindi kikiisha, wakae wawili chini ya mwembe, mwenyeji amwulize kwanza: katika watoto hawa ni yupi ambaye hakuelewa leo, nawe ulijuaje?