Sifa za ng'ambo na joto la nyumba za Mombasa

Kampuni ya usanifu majengo ya Urko Sanchez Architects, iliyofanya kazi Lamu na Mombasa, imepata kutambuliwa na majarida ya usanifu ya nchi za nje, likiwamo ArchDaily. Miongoni mwa kazi zake zilizochapishwa ni Swahili Gem, jumba la makazi lililo Mombasa kando ya mkono wa bahari wa Tudor, na kijiji cha watoto cha shirika la SOS huko Tadjourah, Djibouti, chenye nyumba 15 zilizopangwa kwa mfano wa mji wa kale wa Kiarabu wenye vichochoro vyembamba.

Swahili Gem limevikwa ukuta wa nje wenye matundu, mfano wa mashrabiya, unaopunguza ukali wa jua, kupitisha hewa na kuwasitiri wakazi.

Hekima hiyo si ngeni Mombasa bara. Nyumba ya Kiswahili ya Likoni, Kisauni au Changamwe hujengwa na fundi wa mtaa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ikifunguliwa, upepo hupita moja kwa moja. Fundi huyo hatajwi na jarida lolote, na baadhi ya nyumba zake zimebomolewa kupisha ghorofa zilizosongamana, ambazo madirisha yake hutazama ukuta wa jirani.

Picha haionyeshi joto. Sifa hizo zitamfaa mpangaji iwapo wajenzi wa majumba ya kupangisha wataiga njia ya upepo, si sura ya ukuta pekee.