Sehemu ya 3: Kariakoo na jiko la uani

Mama, unajua jina Kariakoo limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale Dar wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye zikajaa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Moshi ulibaki nje.

Leo uani kwingi pamejengwa vyumba vya kupangisha, na jiko la mkaa limehamia koridoni, wengine hadi chumbani. Hapo ndipo hatari ilipo jamani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukilala nayo mmejifungia, inaua. Hata mvua inyeshe, jiko lisilale ndani na mtoto.