PMS ilipewa jina 1931. Kibarua wa Baba Dogo bado anangoja siku moja

Leo ni historia, lakini si ile ya kukariri ndio upite mtihani. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapa hakuna mwalimu. Nataka tuongee kuhusu herufi tatu ambazo majamaa wanazitumia kama tusi: PMS. Dem akikasirika kazini, mtu anasema "huyo ako na PMS," watu wanacheka, stori inaisha. Hizo herufi ziko na historia, na historia yenyewe imefungamana na kazi kuliko vile unadhani. Ukiifuata pole pole inakuleta mpaka hapa Baba Dogo, kwa mageti ya viwanda.

Kwanza tuelewane. PMS ni dalili zinazokuja kabla ya hedhi, wiki moja hivi au mbili. Yai likishatoka, homoni zinapanda halafu zinashuka, na mwili unasikia. Matiti yanauma, tumbo linajaa, kichwa kinagonga, usingizi unapotea, hasira inakuja na machozi yanafuata. Damu ikianza, ndani ya siku chache zinaisha. Maumivu ya tumbo ya siku zenyewe ni kitu kingine, ingawa mtu anaweza kupata zote mbili. Wengi wanapata dalili kidogo na maisha yanaendelea. Wachache wanapata kali kabisa, inaitwa PMDD, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitambua kama ugonjwa kamili mwaka 2013. Kwa hivyo si maigizo.

Sasa historia. Mwaka 1931, daktari wa New York anaitwa Robert Frank aliandika kuhusu wanawake 15 waliokuwa wakiteseka kabla ya hedhi. Hali hiyo akaiita mkazo wa kabla ya hedhi. Angalia huo mwaka vizuri. Marekani ilikuwa imeanguka kiuchumi, wanaume wamejaa mitaani bila kazi, na mwanamke aliyeajiriwa alikuwa anaangaliwa vibaya, kama amekalia kiti cha mtu.

Halafu vita ikaja. Wanaume wakaenda kupigana, viwanda vikahitaji mikono, wanawake wakaitwa. Mwaka 1944, mtaalamu wa saikolojia Georgene Seward alipitia utafiti uliokuwepo kuhusu hedhi na wanawake wafanyakazi. Akaona kwamba mwanamke kazini hadhoofiki na hedhi vile watu walikuwa wameamini. Poa. Vita ikaisha 1945, wanaume wakarudi nyumbani wakitaka kazi. Mwaka 1953, Katharina Dalton na Raymond Greene wakaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, na hapo ndipo jina PMS lenyewe likashika. Dalton aliendelea kuandika miaka mingi, akiiunganisha PMS na ajali, mitihani, uhalifu na hasara kazini.

Aliyepanga hiyo miaka mstari mmoja ni mwanaanthropolojia Emily Martin, kwa kitabu alichotoa 1987. Aliona kitu rahisi: kazi zikiwa haba, mwili wa mwanamke unaonekana una kasoro, kazi zikiwa nyingi, kasoro inapotea.

Usinielewe vibaya. Hii haimaanishi PMS ilitungwa. Frank aliona wagonjwa wa kweli, na Dalton aliwasikiza wanawake ambao wengine waliwaambia wanajifanya. Lakini miili haikubadilika kati ya 1931, 1944 na 1953. Kilichobadilika ni nani alihitaji kazi ya hao wanawake. Ndiyo maana kila nikisikia mtu anaongea kuhusu hedhi na kazi, najiuliza: hii inamsaidia huyu dada, ama inamtoa?

Kuna watu waliogeuza hiyo meza. Japani iliweka likizo ya hedhi kwa sheria ya kazi mwaka 1947, baada ya wanawake wa viwanda na mabasi kudai kwa miaka. Walikuwa wanafanya kazi masaa marefu, mahali pengine choo cha maana hakuna. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kulipa hiyo siku, na mpaka leo wanaoichukua ni wachache sana. Siku ya kupumzika bila pesa, tena umwambie bosi wa kiume ni ya nini? Wengi wanameza dawa wanaendelea.

Karibu na kwetu kuna Zambia. Huko wanaiita Siku ya Mama. Ilianza kama desturi, na sheria ya ajira ya 2019 ikaiandika: kila mwanamke aliyeajiriwa ana siku moja kila mwezi, bila barua ya daktari na bila kutoa sababu. Soma hapo tena: bila kutoa sababu. Hiyo ndiyo inafanya ifae hata kwa PMS, kwa sababu PMS inakuja kabla ya damu. Huna cha kuonyesha mtu.

Na Kenya? Sisi tumefanya mambo, tusijidharau. Mwaka 2004 tuliondoa VAT kwa sodo, kabla nchi nyingi tajiri hazijafikiria. Mwaka 2017 sheria ya elimu ilibadilishwa ili msichana wa shule ya umma apewe sodo za bure. Shida ni kwamba hiyo huruma inaishia kwa geti la shule. Ukimaliza, ukienda kutafuta kazi, sheria inakusahau.

Chukua Sheria ya Ajira ya 1976. Ilimpa mama miezi miwili ya uzazi, halafu ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo, kama kuzaa ni kwenda Mombasa kubarizi. Ile ya 2007 ilirekebisha: miezi mitatu na malipo kamili, na likizo ya mwaka inabaki yako. Lakini likizo ya hedhi haimo. Kuna ruhusa ya ugonjwa kifungu cha 30: ukishafanya miezi miwili kwa mwajiri mmoja, unapata siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka, na lazima uwe na cheti cha daktari. Piga hesabu. Mwaka una miezi 12. Hata ukizitumia zote kwa mzunguko wako, siku za malipo kamili zinaisha mwezi wa saba, na bado hujaugua malaria.

Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti suruali yake nyeupe ikiwa na doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe nguo. Seneta! Mwenye ofisi, gari na maikrofoni. Mwishoni mwa 2025 Kaunti ya Nairobi ikaidhinisha siku mbili kila mwezi kwa wafanyakazi wake wa kike wenye maumivu ya hedhi. Nilifurahi, kweli. Halafu nikaangalia nje ya dirisha.

Kama hujui Baba Dogo, tuko Ruaraka, tumepakana na Korogocho na Lucky Summer, na barabara yetu imejaa viwanda. Baada ya sheria ya EPZ ya 1990, na hasa Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya nguo vilichukua watu wengi Nairobi, Athi River na Mombasa. Waliokaa kwa cherehani wengi wao ni wanawake. Asubuhi utawaona wakitembea kwa vikundi, viatu vya raba, lunch kwa mfuko. Hao hawajaandikwa na kaunti. Wengi ni vibarua, na kibarua asipoingia geti siku hiyo, hakuna pesa siku hiyo.

Mimi mwenyewe baada ya kuacha chuo nilipanga bidhaa kwa kiwanda kimoja miezi minne. Sitakitaja. Kwa laini yetu kulikuwa na mama mmoja tulimwita Mathe. Kila mwezi kulikuwa na siku mbili tatu hivi mikono yake ilikuwa inatetemeka, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na tageti haishuki hata kidogo. Siku moja aliomba ruhusa. Supavaiza akamuuliza, "Ni ugonjwa gani huo hauna homa?" Mathe akarudi kwa meza. Hakuwahi kusikia neno PMS. Aliniambia tu, "Mwanangu, mwezi ukikaribia nakuwa mtu mwingine." Nilimweleza nilichojua. Akacheka, akasema, "Sasa hilo jina nitalipeleka wapi?"

Alikuwa sahihi. Jina bila mkataba halina pa kwenda. Frank alileta jina, Dalton akalieneza, na Mathe bado analipwa kwa siku. Likizo ya hedhi inaanzia kwa wenye barua ya kazi, na wanaosimama masaa yote ndio wanakuwa wa mwisho.

Najua mtu atasema, "Mkiwapa siku za kupumzika, waajiri wataacha kuajiri wanawake." Hofu hiyo haina upuuzi ndani yake. Lakini sababu hiyo hiyo ingetolewa kuhusu likizo ya uzazi, na nguo bado zinashonwa na wanawake. Ninachotaka ni kitu kidogo: siku moja kama ya Zambia, yenye malipo, isiyohitaji barua, na inayomfikia kibarua pia.

Kabla hiyo ifike, kuna kitu kiko tayari. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi au zaidi, au kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mtu wa mkataba. Hapo ndipo ruhusa ya ugonjwa na likizo zinaanza kukuhusu. Kwa hivyo kama uko geti, ama mathe wako, ama dada yako, nunua kidaftari cha shilingi chache. Upande mmoja andika kila siku uliyoingia kazini. Upande wa pili andika mwili ulivyokuwa siku hiyo, angalau mizunguko miwili, kwa sababu hata daktari huanzia hapo. Ule wa kwanza upeleke kwa afisa wa kazi. Wa pili upeleke kliniki.